Barua kwa Mlezi: Nimetia kufuli ndoo yangu ya maji, sasa chumbani hakuna anayenisemesha

Barua za safari hii karibu zote zimetoka vyuoni. Sishangai. Mwaka wa kwanza wameshakaa mabwenini wiki saba au nane, ugeni umewatoka, na uvumilivu nao umeanza kuwaisha. Nilikuwa mlezi wa mabweni ya wasichana hapa Dodoma kwa miaka 14 kabla ya kustaafu na kuhamia kwenye kibaraza changu cha Miyuji, kwa hiyo barua za aina hii naziona kama zimeandikwa na mtu niliyewahi kumfungulia mlango. Hii ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, hizo nyingine mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dodoma, kwetu ni Tanga. Chumba chetu kina vitanda viwili vya kupandana, kwa utaratibu tuko wanne. Wiki ya tatu rumeti mmoja wa mwaka wa pili alimleta rafiki yake, akasema ni wa siku mbili tu. Mpaka leo yupo, wanabebana, yaani wanalala wawili kitanda kimoja cha chini.

Maji kwetu hutoka alfajiri, na kuna siku hayatoki kabisa. Sisi tuko ghorofa ya tatu, huku juu bomba ni pambo. Naamka saa kumi, nashuka na ndoo, napanga foleni, napanda nayo ngazi zote. Nikitoka vipindi saa saba mchana naikuta nusu. Nilinyamaza wiki mbili nzima. Siku ya test ya hesabu nikakuta ndoo imekauka, nikaenda kwenye chumba cha mtihani sijaoga. Jioni ile ile nilimwomba mama lishe nikapasha msumari kwenye mkaa wake, nikatoboa kifuniko na ukingo wa ndoo, nikatia kufuli.

Tangu hapo hawanisemeshi. Nikiwa nasoma wanazima taa. Juzi nimekuta nguo zangu zimetolewa kwenye kamba na kuwekwa chini, bado mbichi. Nimepata chumba mtaani, elfu 50 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi 6. Boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia nalipa nahama. Mama nyumbani hajui lolote. Nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa ile test, na pole zaidi kwa nguo. Kuzitupa nguo mbichi za mwenzako chini ni ubaya, na sitauita jina lingine.

Sasa tuongee kuhusu kufuli. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipowaambia wenzako kwamba maji yako yanaisha. Sijapaona. Umenieleza mimi, umemweleza mama lishe kwa vile ulihitaji mkaa wake, lakini wale unaolala nao chumba kimoja waliipata habari kutoka kwa kufuli. Na kufuli halichagui. Limemwambia aliyekuchotea kwamba ni mwizi, na limewaambia hivyo hivyo wawili ambao huenda hawajawahi hata kuifunua ndoo yako. Jiweke kwenye nafasi ya hao wawili. Wamerudi kutoka maktaba, wamekuta umewafungia maji kama wanavyofungiwa mbuzi wasiingie shambani.

Najua kwa nini ulinyamaza. Wewe ni mgeni, yule ni wa mwaka wa pili, na mtoto aliyelelewa vizuri huona haya kugombania maji. Lakini hasira ya wiki mbili ilipotoka ilitoka na msumari wa moto. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na mabwenini nimeiona kweli ya msemo huu kuliko mahali pengine popote. Ungeuliza siku ile ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, "Jamani, nani kanichotea?", ingekuwa nusu shari, na kufikia usiku ingekuwa imesahaulika.

Nikusimulie chumba kimoja. Sitasema ni mwaka gani wala chuo gani. Niliitwa saa mbili usiku, wasichana wanagombana ghorofa ya pili, na chanzo kilikuwa kile kile, maji yanayopungua mchana. Nilipoingia niliwakuta wanne wamesimama wanafoka, na wa tano amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, amekumbatia mkoba. Alikuwa amebebwa. Niliwatoa wale wanne nje nikakaa naye. Mkopo wake ulikuwa umechelewa, kitanda hakulipia, na kwao hawakuwa na cha kumtumia. Alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku. Nilipomuuliza habari ya maji alilia kabla hajanijibu. Kumbe alikuwa anangoja wenzake wote waende vipindi ndipo aoge, kwa sababu alikuwa anaona haya kuonekana anatumia maji asiyoyateka. Alfajiri hathubutu kushuka bombani, maana pale kwenye foleni mlezi au kiongozi wa bloku anaweza kumtambua kwamba si mkaazi.

Ndiyo maana uliposema maji yanapungua mchana, mwanangu, nilishtuka. Sina ushahidi kwamba chumbani kwenu ni hivyo hivyo. Lakini kabla hujahama kwa sababu ya mwizi, mjue kwanza huyo unayemwita mwizi.

Jinsi tulivyomaliza ni hivi. Niliwarudisha ndani, nikawaambia wakae vitandani, tukahesabu. Mtu mmoja mwangalifu anaweza kuishi kwa dumu moja la lita 20 kwa siku: lita 8 za kuoga asubuhi, 6 za jioni, na 6 zinazobaki ni za choo na vyombo. Kufua ni hesabu nyingine, ya Jumamosi. Watu wanne ni lita 80. Watano ni lita 100. Walichangishana wakanunua pipa la lita 100, likakaa kwenye kona nyuma ya mlango, na kila mmoja alikuwa anashuka alfajiri na dumu lake moja na kulimimina humo, pamoja na yule wa tano. Kata ilikuwa moja, imening'inizwa kwa kamba. Siku ambazo bomba halikutoka, wote walioga mara moja tu, jioni. Karatasi yenye majina yao watano waliibandika nyuma ya mlango, na mpaka wanafunga chuo mwezi wa saba ilikuwa bado ipo, imekuwa ya njano kwa unyevu wa lile pipa. Yule wa tano nilimpeleka mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi kesho yake. Ilichukua kama mwezi, mwenzao mmoja wa bloku jirani akaahirisha masomo, na binti akapata kitanda hicho.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Subiri Jumapili jioni, watu wameshafua na kupiga pasi, hakuna anayekimbilia popote. Usianze na maneno, anza na ndoo. Ifungue kufuli mbele yao, litie mkobani, kisha ndipo useme. Unaweza kusema hivi: "Dada zangu, nimekosea kufunga ndoo bila kuwaambia kilichonikera. Siku ya test nilitoka bila kuoga na nilishikwa na hasira. Naomba radhi kwa kufuli. Lakini maji yangu yanaisha na siwezi kuendelea hivyo, naomba tupange." Usitaje jina la mtu. Usiseme "mgeni wenu". Ukisema mgeni, yule wa mwaka wa pili atasimama kumtetea rafiki yake na mazungumzo ya maji yatakufa hapo hapo. Habari ya nguo itaje mwisho, nayo kwa kifupi: waambie iliuma, basi. Aliyefanya atajijua.

Halafu kuna jambo la kubebana lenyewe, na hapa sitakuficha. Ni kinyume cha kanuni karibu katika kila bweni ninalolijua, na anayeingia matatani si aliyebebwa peke yake, aliyebeba naye anaweza kupoteza kitanda. Kanuni hii wanafunzi huiona kama roho mbaya ya utawala. Mimi niliisimamia kwa sababu moja: usiku mtu akizidiwa au moto ukitokea, mlezi anahesabu watu kwa orodha. Asiye kwenye orodha hatafutwi. Nililala na hofu hiyo miaka 14.

Lakini usikimbilie kushtaki. Mkiwa mmeshapatana kuhusu maji, mwulizeni yule binti kwa upole amefikia wapi na kitanda, na mmwekee tarehe, tuseme wiki mbili. Mmoja wenu amsindikize kwa mshauri wa wanafunzi, na kwenye serikali ya wanafunzi kuna anayeshughulika na malazi, naye aambiwe. Vitanda hufunguka katikati ya muhula kuliko watu wanavyodhani, wengine wanahama, wengine wanaahirisha. Wiki mbili zikipita na wanakataa hata kwenda kuuliza, hapo nenda kwa mlezi wako mwenyewe, mchana, umweleze. Mimi sitakuita msaliti kwa hilo.

Sasa habari ya kuhama. Nimekufanyia hesabu. Elfu 50 kwa miezi 6 ni laki 3. Fedha ya kujikimu ya mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo boom moja, la siku 60, ni laki 6. Unampa mwenye nyumba nusu ya boom zima siku moja, na bado hujanunua godoro, hujalipa umeme wala nauli, na usiku ukichelewa maktaba utapanda bodaboda. Nusu inayobaki ni ya kula miezi miwili. Nimewaona wengi wakihama kwa furaha mwezi wa kumi na mbili na kurudi mwezi wa pili kuomba kubebwa na wale wale waliowakimbia.

Na maji ya mtaani ni haya haya. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mji unategemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu wapatao 411,000, ya 2022 ikahesabu 765,000, baada ya serikali kuhamia. Mgao utaukuta huko nje, na usipoamka saa kumi utanunua dumu kwa kijana wa toroli. Tofauti ni kwamba huko utakuwa peke yako ukiugua.

Taa wakizima, usigombane nao usiku. Shuka kwenye vimbweta, yale madawati ya nje ya kusomea, kama kuna mwanga na watu, usome mpaka saa nne, upande. Hiyo ni ya siku chache tu mpaka Jumapili.

Mpigie mama yako. Si lazima umwambie habari ya msumari. Mwambie tu kwamba maji ni ya shida na mmekwaruzana na wenzako, ili siku ukimpigia unalia asidhani umefiwa. Kisha niandikie tena uniambie Jumapili ilikuwaje. Nitangoja.

SWALI: Shikamoo mama mlezi. Mimi ni kijana wa mwaka wa pili, natokea Singida. Waden, yaani mlezi wa bweni letu, amenikamata na koili ya kuchemshia maji ya chai, ameichukua na kunitoza faini elfu 20. Sikumdhuru mtu. Chai ya kantini ni ghali na inaisha mapema. Kwa nini wanatunyanyasa kwa kitu kidogo hivi?

JIBU: Marahaba baba. Kitu chenyewe ni kidogo kwa umbo, lakini moto wake si mdogo. Koili ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampea 6 na nusu. Wewe mmoja si tatizo. Lakini saa kumi na mbili asubuhi wote mnataka chai. Vyumba kumi vya laini moja vikichomeka pamoja ni ampea 65, na hizo zinapita kwenye nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu. Jengo linazima, au waya unachemka ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna anayeuona. Na ekstensheni mnazonunua kwa bei ya chini nyaya zake ni nyembamba mno. Chomeka koili dakika kumi, kisha ushike waya wake, utaelewa.

Mimi niliwahi kuinua godoro nikakuta ekstensheni imeyeyuka na kugandana na shuka. Mwenye kitanda alikuwa ameenda kuoga, koili iko kwenye ndoo, waya ameupitisha chini ya godoro ili mlezi asiuone. Shuka lilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa sahani. Lile tundu bado naliona nikifumba macho, kwa hiyo usinitegemee nikutetee kwenye hili.

Nunua chupa ya chai ya lita moja, iliyo nzima. Kubaliana na mama lishe akujazie maji ya moto jioni anapofunga, asubuhi yatakuwa bado yanafaa kwa chai. Na ile elfu 20, dai stakabadhi. Faini halali ina stakabadhi. Kama hukupewa, nenda ofisini ukaiulizie kwa adabu, hiyo ni haki yako hata kama ulikosa.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mzazi, niko Kilosa. Kijana wangu anamaliza kidato cha sita mwakani na nia yake ni kusoma chuo Dodoma. Mdogo wangu anaishi Nzuguni na yuko tayari kumpokea bila malipo. Wengine wananiambia nimlipie hosteli. Nipe ushauri, na kama ni hosteli nimfungashie nini?

JIBU: Nzuri kaka. Mwaka wa kwanza, kama uwezo upo, mlipie hosteli. Simsemi vibaya mdogo wako, Mungu amzidishie. Lakini Nzuguni iko upande wa mashariki wa mji, na kama chuo chake kiko upande mwingine atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Wanafunzi wengi hukaa kwenye makundi ya kusoma baada ya magharibi, yeye saa hizo atakuwa kituoni. Na mtoto wa ndugu nyumbani hatumwi na mtu mmoja. Atafungua geti, atapeleka watoto shule, atakwenda dukani, na hatakataa kwa sababu anakula bure. Mwaka wa pili akishajua chuo kinaendaje, Nzuguni ifikirieni tena. Jumapili aende kusalimia na kula wali wa nyumbani, huo undugu usikatike.

Vya kufungasha si vingi. Dumu la lita 20 na ndoo yenye kifuniko. Chandarua. Kufuli mbili, ya kabati na ya sanduku. Mafuta mazito ya kujipaka, kwa maana upepo wa huku kuanzia Julai unapasua midomo na visigino na kuleta vumbi mpaka ndani ya daftari. Sabuni ya unga aongeze kidogo, maji yetu yana chumvi, povu halitoki upesi. Kijana wa Kilosa amezoea joto, naye hapa tuko juu kama mita 1,100, usiku wa Juni na Julai huwa tunashuka mpaka nyuzi 14 hivi, basi blanketi liwe zito na sweta liwe la kweli. Unga na mchele asibebe gunia, hana pa kuupikia, na panya wa mabwenini ni wengi.

Siku ya kuripoti njoo naye. Usimshushe getini ukageuza. Panda naye mpaka chumbani, wasalimie vijana utakaowakuta, waulize majina na wanakotoka, na uwaachie namba yako ya simu mbele yake.